Mabonde ya Uingereza Kwenye Ukuta wa Pemba

Hivi karibuni ofisi moja ya umma hapa kisiwani kwetu ilihamia jengo jipya. Jina la ofisi hiyo halina haja katika makala haya. Majalada yalikwisha fungwa, makabati yalikwisha tolewa nje, na wachukuzi walikwisha choka, ndipo katika pembe ya ghala, nyuma ya meza iliyovunjika miguu, ikaonekana picha yenye fremu ya mbao, kioo chake kimepasuka toka juu hadi chini. Katika daftari la vifaa iliandikwa mstari mmoja tu: "Picha moja, mandhari, fremu mbao." Haikuandikwa ilipatikana lini, wala aliyekuja nayo ni nani.

Ni picha ya rangi za maji. Inaonyesha bonde lenye mto mwembamba, daraja la mawe, ng'ombe watatu waliosimama majini hadi magotini, miti mikubwa yenye vivuli vizito, na mbali kabisa mnara mdogo wa kanisa chini ya wingu la mvua. Mtu hahitaji kuambiwa kuwa hiyo ni Uingereza, nayo ni Uingereza ya mashamba, si ya London wala ya viwanda. Sahihi ya mchoraji imefutwa na unyevu.

Yakazuka mabishano. Kijana mmoja, mwenye elimu yake nzuri, alisema itupwe, kwani ni masalio ya mkoloni, na ni aibu kwa Serikali ya Mapinduzi kubeba takataka ya namna hiyo hadi katika jengo jipya. Mwenziwe akasema fremu isiharibiwe, itiwe kalenda. Tarishi mmoja mzee, aliyestaafu zamani lakini bado hufika pale kila asubuhi kwa mazoea, alikuwa amekaa juu ya boksi la majalada. Huyo ndiye aliyeifuta vumbi picha ile kwa miaka mingi ilipokuwa bado ukutani. Akasema: "Mie siku zote nikidhani hilo bonde la kwetu, wakati wa masika. Kumbe si kwetu?"

Watu walicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwani mzee yule alikuwa amelisema jambo ambalo sisi wenye vyeo na semina hatujapata kulisema. Alilifuta vumbi bonde la Uingereza miaka yote hiyo akiamini ni bonde la Pemba, na sababu zake zilikuwa mbili. Kwanza, ni kweli kuwa yanafanana. Anayeijua Pemba ya upande wa magharibi, yenye vilima vinavyopandana, vibonde vya mpunga chini yake na kijani kisichokatika, hatashangaa kuwa Waarabu wa kale walikiita kisiwa hiki Jazirat al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani. Pili, mzee yule katika maisha yake yote hakupata kuliona bonde la Pemba limechorwa na kutundikwa ukutani ili apate kulinganisha.

Niliomba ruhusa, nikatia saini katika daftari, na picha iko mbele yangu ninapoandika. Mali ya umma ni mali ya umma hata ikipasuka kioo. Mimi ni mtu wa Chama, na wanaonijua wanajua kuwa sina huruma na ukoloni. Lakini kuchoma karatasi si siasa. Kabla ya kuamua itupwe au isitupwe, yatupasa tuisome, kama tunavyosoma barua tuliyoikuta katika nyumba ya mtu aliyehama.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa wengi wetu tumezoea rangi za kopo zinazopakwa mbao za maduka, na zile alizozitumia marehemu Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam kabla ya kufa kwake mwaka 1972. Rangi ya maji ni kitu kingine. Ni unga wa rangi uliosagwa na kuchanganywa na gundi, ukayeyushwa kwa maji, ukapakwa juu ya karatasi kwa brashi laini. Haiifuniki karatasi, bali huupitisha mwanga wake. Kwa hivyo fundi wa rangi hizi, katika jadi ya Kiingereza, hategemei rangi nyeupe: weupe wake ni karatasi ile ile aliyoiacha bila ya kuigusa. Mwaka 1800 kijana mmoja, Thomas Girtin, aliuchora mto Thames wakati wa magharibi, na katika ukingo wa mto akaonyesha nyumba moja nyeupe inayong'aa kuliko kitu cho chote katika picha. Nyumba hiyo ni karatasi tupu. Girtin alifariki mwaka 1802 akiwa na umri wa miaka 27, na nyumba yake bado inang'aa. Fundi huanza na rangi nyepesi akaendelea hadi nzito, naye hufanya haraka kabla maji hayajakauka, na akikosea hana namna ya kurudi nyuma ila kwa kuichakaza karatasi.

Kwetu sisi tuliopita chuoni, jambo hili si geni kama linavyodhaniwa. Ye yote aliyepata kuugua utotoni katika kisiwa hiki analikumbuka kombe: sahani nyeupe, zafarani iliyorowekwa, na mwalimu akiandika kwa utulivu huku midomo yake ikicheza. Maandishi yaling'aa kwa sababu ya weupe wa sahani uliobaki baina ya herufi. Kisha yakamiminwa maji ya marashi, na maneno yakageuka rangi, na rangi ikawa maji, na mtoto akanywa. Niliyatazama hayo nikiwa na umri wa miaka saba au minane, na ninaweza kusema kuwa nilijifunza tabia ya rangi za maji pale, miaka mingi kabla ya kulisikia jina la mchoraji ye yote.

Tena iko habari ya gundi. Gundi inayoishika rangi katika picha ile haikutoka Uingereza. Ni ile iitwayo gundi ya Kiarabu, utomvu wa miti ya jamii ya mgunga, na kwa muda mrefu nchi iliyoongoza kwa kuitoa ilikuwa Sudan, hasa majimbo ya Kordofan. Ilikuwa ni hivyo hivyo kwa sandarusi iliyochimbwa Mrima, ikapita forodhani Unguja katika karne ya 19 kwenda Salem kule Marekani na katika miji ya Ulaya, ikawa vanishi ya magari ya farasi na samani za matajiri. Mashamba ya Mwingereza, basi, yameshikizwa karatasini kwa utomvu wa Afrika. Nalisema hili kwa faida ya yule kijana aliyetaka kuichoma.

Sanaa hii ilianzaje kuwa ya Waingereza? Wengi hudhani ilianza na mabwana wapole waliokaa kando ya mito wakitazama bata. Habari yenyewe ni ngumu zaidi. Paul Sandby, ambaye aghalabu huitwa baba wa uchoraji huu katika nchi yao, aliianza kazi mwaka 1747 akiwa mchoraji wa jeshi. Mwaka mmoja kabla yake, majeshi ya mfalme yalikuwa yamewavunja Waskoti wa milimani katika vita vya Culloden, na serikali ilitaka kila mlima, kila njia na kila kivuko cha nchi yao kipimwe na kuchorwa ili wasipate kuinuka tena. Sandby alijifunza kuupenda mlima hali akiwa ameajiriwa na waliotaka kuutawala. Mwaka 1768 akawa mwalimu mkuu wa kuchora katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, walikofundishwa maafisa wa mizinga na wahandisi wa jeshi. Afisa alifunzwa kuchora bonde kwa kuwa anayejua kulichora hujua pia pa kuuweka mzinga. Mwaka 1781 ndugu wawili wa ukoo wa Reeves walipewa tuzo mjini London kwa kutengeneza vipande vidogo vya rangi kavu vinavyobebeka, na tangu hapo msafiri, afisa na mke wa gavana wote waliweza kuitia Uingereza, au nchi yo yote waliyoitamani, ndani ya kijisanduku cha mfukoni.

Elimu hiyo ilitufikia na sisi. Katika miaka ya 1820 manowari za Kapteni William Owen zilipima pwani yote hii ya Afrika Mashariki, na mabaharia wake wengi wakafa kwa homa. Mwaka 1860 alifika Unguja James Augustus Grant, afisa wa jeshi la India, akiwa njiani pamoja na Speke kwenda kuitafuta chemchemi ya Nile, naye akachora kwa rangi za maji watu na nchi alizozipita. Michoro yake imehifadhiwa leo katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti mjini Edinburgh. Na Pemba yetu ilipimwa na Kapteni J. E. E. Craster wa kikosi cha wahandisi cha Kifalme, aliyechapisha kitabu juu ya kisiwa hiki mwaka 1913. Kwa ufupi, ndugu msomaji, waliokitazama kisiwa hiki kwa macho ya subira, kilima kwa kilima, walikuwa watu waliotumwa kukipima. Sisi wenyewe tulikuwa tumeinama, tukichuma.

Nairudia picha. Nimeihesabu mara nyingi: ina ng'ombe watatu, bata wawili, na mtu mmoja tu, naye ni doa jekundu juu ya daraja, dogo kuliko punje ya mtama. Wako wapi waliolima? Bonde halijilimi. Huu ndio uongo wa picha za namna hii, na hapa nakubaliana na kijana wetu. Baina ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia nyua ardhi iliyokuwa ikitumiwa na wanavijiji kwa ushirika, na ekari zilizotwaliwa kwa njia hiyo zilikuwa karibu milioni 6.8. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa katika miaka ile ile ambayo uchoraji wa rangi za maji ulistawi. Zile nyua za miti zinazoyagawa mashamba katika picha, ambazo mtazamaji huziona kuwa ni pambo, aghalabu ni alama za mnyang'anyo huo. Mwaka 1830 vibarua wa mashamba wa kusini na mashariki ya Uingereza waliinuka, wakachoma mabohari na kuvunja mashine za kupura nafaka. Watu 19 walinyongwa, na mamia wakasafirishwa kwa nguvu hadi Australia. Katika michoro mingi ya wakati ule hawamo. Mchoraji aliuuzia mji shamba lisilo na mkulima, na mji ukanunua.

Lakini tusifurahi upesi. Tukilichora bonde la Pemba kesho, je, sisi tutawachora wote? Mikarafuu iliyokifanya kisiwa hiki kijulikane duniani ilipandwa na kupaliliwa kwa mikono ya watumwa. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba ikiwa imesimama, na tangu hapo Pemba ikaongoza, nao waliobeba uongozi huo mabegani hawakuwa huru hadi amri ya mwaka 1897, na hata baada yake uhuru wenyewe ulikwenda pole pole. Kisha yakaja Mapinduzi ya mwaka 1964. Tarehe 8 Machi mwaka huo Mzee Karume alitangaza kuwa ardhi yote ni mali ya Serikali, na baadaye wananchi wakagaiwa eka tatu tatu. Hicho ni kinyume kabisa cha nyua za Waingereza: kwao sheria ilimtoa mkulima bondeni, kwetu sheria ilimtia. Mimi ni mtoto wa eka tatu, na sioni haya kuzisifu. Naona haya kwa jambo jingine, kwamba zaidi ya nusu karne imepita na hatujaichora picha moja ya maana ya eka hizo, zenye mchumaji juu ya ngazi, jamvi la karafuu uani, na watoto wakichambua makonyo jioni. Zinakatwa, zinagawiwa baina ya warithi hadi zinakuwa viwanja, na hakuna atakayeamini kuwa zilikuwako.

Hapa ndipo napenda maafisa wetu wanisikilize kwa makini, maana jambo ninalotaka kulieleza lilifanywa na serikali, na lilifanywa wakati wa shida. Mwaka 1940, Uingereza ikingojea kuvamiwa na majeshi ya Hitler, Sir Kenneth Clark, aliyekuwa mkurugenzi wa National Gallery mjini London, alianzisha mpango uliojulikana kwa jina la Recording Britain, yaani kuiwekea Uingereza kumbukumbu. Wachoraji zaidi ya 90, wanaume kwa wanawake, walilipwa wazunguke nchini na kuchora mahali palipokuwa hatarini kupotea: mabonde, mitaa ya vijijini, vinu vya upepo, makanisa, magati, hata mabaa na makaburi. Waliajiriwa watu kama Barbara Jones na Kenneth Rowntree, ambao hawakuwa na jina kubwa wakati huo. Fedha zilitoka katika mfuko wa wakfu wa Pilgrim Trust, ulioanzishwa na tajiri wa Kimarekani. Hadi mwaka 1943 zilikuwa zimepatikana picha zaidi ya 1,500, nyingi zikiwa za rangi za maji, na mwaka 1949 zikakabidhiwa jumba la makumbusho la Victoria and Albert, ziliko hadi leo.

Walikuwa na kamera. Hilo ndilo swali ambalo kila mtu ameniuliza, na jawabu ni hilo: kamera walikuwa nazo, nzuri sana. Lakini mchoraji hukaa mahali pamoja kwa saa nyingi, na mtu akikaa saa nyingi bondeni, wenyeji humjia na kumwambia hapa palikuwa na nini. Anayepiga picha kwa simu huwa amekwisha ondoka. Zaidi ya hayo, hawakuogopa mabomu peke yake. Waliogopa pia nyumba mpya, barabara, viwanja vya ndege vya jeshi, na ulimaji wa haraka. Yaani waliogopa maendeleo yao wenyewe, bila ya kuyakataa. Sioni kwa nini Mpemba asiweze kuitaka barabara ya lami, nami naitaka, na papo hapo akataka kumbukumbu ya njia ya ng'ombe iliyokuwa chini yake.

Na Waingereza hawakuishia karatasini. Beatrix Potter, mwanamke aliyechora sungura kwa rangi za maji katika vitabu vya watoto, alitumia mapato ya vitabu hivyo kununua mashamba katika nchi ya maziwa kaskazini mwa Uingereza, akafuga kondoo, na alipofariki mwaka 1943 aliacha zaidi ya ekari 4,000 kwa National Trust, chama cha kuhifadhi kilichoundwa mwaka 1895. Nasimulia bila ya kumtukuza mtu. Ila si kawaida kwa watu kukilinda kitu ambacho hawajapata kukikalia kitako wakakitazama.

Wapo watakaoniuliza juu ya dini, na wana haki ya kuuliza katika kisiwa cha vyuo na wanavyuoni. Wala sijiweki mahali pa mashekhe. Ninalolijua kutoka chuoni, na ambalo limo katika Bukhari na Muslim, ni kuwa mtu mmoja aliyekuwa akipata riziki yake kwa kuchora alimwendea Ibn Abbas kumwuliza, akaonywa vikali juu ya kuvichora viumbe wenye roho, kisha akaambiwa kuwa ikiwa hana budi kuchora, basi achore miti na visivyo na roho. Na aliyebahatika kufika Damascus ameuona msikiti wa Bani Umayya, uliomalizika kujengwa katika zama za Khalifa al-Walid mnamo mwaka 715, ukutani mwake pakiwa na nakshi za vigae vya dhahabu na kijani zinazoonyesha mito, miti mikubwa, madaraja na majumba, bila ya binadamu hata mmoja. Ninaposoma hayo naona kuwa mandhari ndiyo sanaa inayotufaa Wapemba kuliko zote, na ng'ombe watatu wa Mwingereza tunaweza kuwaacha kwao. Shida yangu ni yule mchumaji juu ya ngazi niliyemtaja. Yeye nataka awemo, nami sina jawabu la kifiqhi; pengine ngazi yenyewe, iliyoegemezwa mkarafuuni, na pakacha chini yake, vitatosha kumtaja.

Wala tusidhani kuwa kuchora nchi ni kazi ya Wazungu. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alisoma Makerere kwa Bibi Margaret Trowell, ambaye aliwataka wanafunzi wachore mambo ya kwao badala ya kunakili ya Ulaya. Baadaye akaenda kusoma Slade mjini London, na nchi yake ilipopata uhuru akarudi London akiwa mwakilishi wake wa kwanza. Aliishi katikati ya watu wa mabonde na madaraja ya mawe. Alichora nini? Alichora migomba, wavunaji wa kahawa, njia za Kilimanjaro, na wanaume waliobeba pombe ya ndizi usiku kumpelekea bibi harusi; picha hiyo ya mwaka 1956 ilinunuliwa na jumba la sanaa ya kisasa la New York. Unguja nako, Mgoa John da Silva alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuyachora majumba na mitaa ya Mji Mkongwe, hata leo anayetaka kujua jengo fulani lilikuwaje kabla ya kuporomoka huzitazama kazi zake. Mji Mkongwe umepata mtu wake. Pemba inamngoja.

Nimetembea katika skuli kadhaa za Mikoa yetu miwili, kwa shughuli nyingine, na nikawa nauliza juu ya rangi. Katika kila skuli nilionyeshwa ramani ya kisiwa. Rangi sikuonyeshwa. Mwalimu mmoja alinitolea penseli nne za rangi kutoka mkobani mwake, alizonunua kwa pesa zake, akanionyesha kwa fahari, nami nikaona fahari ile ilikuwa haki yake na aibu ilikuwa yetu. Husemwa kuwa fedha hakuna. Lakini masizi ya chungu ni bure. Ndiyo tuliyofanyia wino wa mbao za chuoni. Manjano yako jikoni. Magome ya mikoko, ambayo zamani yalikuwa bidhaa ya kusafirishwa, hutoa rangi ya kahawia iliyoiva. Udongo mwekundu umejaa kila mahali kilima kilipokatwa kupitisha barabara, na utomvu wa mkorosho ukikauka huwa gundi. Kinachohitajika kununuliwa ni karatasi nzito na brashi. Naamini bajeti ya chai ya mkutano mmoja wa tathmini ingetosha kwa skuli kadhaa, na nalisema hilo nikiwa mmoja wa wanaokunywa chai hiyo.

Mahali pa kuanzia pasitupotezee wakati wa kuunda kamati. Kisiwa Panza kianze, kwani huko maji ya chumvi yameingia mashambani na yanaendelea kuingia, na linaloonekana mwaka huu huenda lisionekane mwaka ujao. Kisha mabonde ya mpunga yaliyo karibu na miji, ambamo matofali yanapanda haraka kuliko mpunga. Msitu wa Ngezi una ulinzi wa sheria, na popo wa Pemba asiyepatikana pengine po pote duniani ana marafiki wa kutosha, kwa hivyo msitu unaweza kungoja kidogo. Magofu ya Ras Mkumbuu na Pujini yamekwisha pimwa na kuandikwa na wataalamu, lakini sina khabari ya mtoto wa Pemba aliyekaa chini ya nguzo zake na brashi mkononi. Na miti mizee ya mikarafuu ichorwe mmoja mmoja kama watu, kabla ya kuanguka, na jina la mwenye shamba liandikwe nyuma ya karatasi. Makumbusho ya Pemba yaliyomo katika ngome kongwe ya Chake Chake yana kuta, na kuta hizo zingeweza kupokea kazi hizo.

Nilikwenda na yule tarishi mzee hadi katika bonde la kwao, upande wa Mkoani, nikiwa nimeichukua picha ndani ya kanga kuukuu. Alinisimamisha juu ya kilima, akaiegemeza fremu juu ya shina la mnazi, akatazama huku na huku. Aliponionyesha niliona kuwa hakuwa amekosea sana. Kilima cha kushoto kilikuwa ni kile kile, na mkondo wa maji ulipinda pale pale. Penye daraja la mawe, alisema, palikuwa na gogo la mvule walilolivukia wakienda kulima. Penye mnara wa kanisa palikuwa na mwembe. Bondeni sasa kuna nyumba kumi na moja za matofali, mbili kati ya hizo ni za wanawe, na mpunga umebaki kama ukanda mwembamba ukingoni. Hakulalamika. Aliniambia nyumba za wanawe zina maji ya mfereji, kisha akanitajia kwa majina mashamba yote yaliyo chini ya nyumba hizo, moja moja, toka juu hadi chini, na nilipotaka kuandika nikaona kalamu nimeisahau.

Mjukuu wake yuko darasa la kumi na moja na anajua kuchora. Tumekubaliana wakae pamoja wakati wa likizo, mzee ataje na yeye achore, na karatasi nimeagiza kutoka Dar es Salaam. Kioo cha picha ya Mwingereza kimekwisha badilishwa na fundi wa Chake Chake, na wiki ijayo picha itarudi ofisini, mwenye ofisi akiwa ameridhia itundikwe kwenye ukuta wa kushoto wa ukumbi wa wananchi kusubiri, mahali palipo na mwanga. Amekubali pia kuwa kando yake, upande wa dirisha, pasiwekwe kitu cho chote kwa sasa. Nafasi hiyo nimeipima mwenyewe. Ni futi tatu kwa mbili.